Nilivyompeleka Mama Kupumzika Kisiwani

Tangu nirudi Walikale, kila anayeingia chumba cha walimu ananiuliza swali lile lile: "Dada Furaha, kisiwa kilikuwaje?" Nimejibu "kizuri" mara nyingi hadi neno lenyewe limeniisha utamu mdomoni. Basi leo nakaa niandike yote mara moja, msome, mpitishiane, kisha mniache. Kisiwa kilikuwa kizuri kweli. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mnakumbuka wazo lilianzia wapi. Mwalimu Byamungu wa historia alikuwa akitusimulia kisiwa cha kwao, katika ziwa Kivu, ambako gari halijawahi kukanyaga tangu dunia iumbwe. Hata pikipiki hakuna. Watu wanakwenda kwa miguu na kwa mitumbwi ya kasia. Alisema kuna nyumba ya mawe iliyoachwa na mzungu wa kahawa, na ngazi za mawe zinazoshuka mpaka ndani ya maji. Kuna pia kaburi la chifu ambaye wakoloni walimhamishia huko kwa sababu alikataa watu wake walimishwe barabara kwa viboko. Jina la kisiwa sitalitaja. Watu wake walitutendea mema, na sitaki waanze kuulizwa maswali kwa ajili yangu.

Mimi nikamfikiria Mama. Anaishi peke yake mlimani, juu ya Masisi-Centre, katika shamba aliloachiwa na baba. Analima maharagwe na muhogo. Anakula humo, anavaa humo, dawa zake za presha zinatoka humo. Hana kingine. Amekimbia mara ambazo hata yeye amepoteza hesabu, na karibu kila mara kilichomtoa nyumbani ni mlio wa injini: malori mengi pamoja, au pikipiki zinazopanda mlima kwa kufuatana. Mpaka leo akisikia injini anaacha alichoshika na kusimama wima, hata kama ni motari wa pikipiki aliyemletea mtu sukari.

Nikajiambia kwamba nitampa siku tano ambazo masikio yake hayatasikia injini hata moja. Nilichagua mwisho wa Agosti, wakati amekwisha kulima na bado hajapanda, maana mvua huanza Septemba. Nilipanga kama mwalimu wa hesabu nilivyo: siku za kwenda, siku za kukaa, siku za kurudi, na siku mbili za ziada kwa ajili ya matope. Nilipanga kila kitu isipokuwa kumwambia mwenyewe. Ningemwambia angekataa. Kwa Mama, kupumzika ni kazi ya wagonjwa.

Walikale hadi Nyabiondo

Kaka Pascal, motari, alinibeba siku mbili katika ile njia ambayo kwenye ramani inaitwa barabara ya taifa. Siku ya kwanza tulishuka mara kumi na mbili kusukuma. Kwenye daraja moja magogo yalikuwa yamebaki matatu, na wenye kuyapanga walitaka kwanza tuwasalimie vizuri, kisha tuwangoje wamalize kula. Walikuwa wakila kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki wadogo waliopikwa kwa mawese, wakatugawia. Lazima niseme kilikuwa chakula kitamu kuliko chote nilichokula safari nzima.

Siku ya pili tukakuta kizuizi. Kijana mwenye bunduki aliniuliza ninakwenda wapi, nami kwa upumbavu wangu nikamwambia ukweli.

"Naenda kumuchukua mama yangu, tuende kupumuzika ku kisiwa."

"Kupumuzika? Nani amekufa?"

"Hakuna mwenye alikufa. Iko congé, likizo ya masomo."

Akamwita mwenzake. Wakanitazama wote wawili kama mtu aliyewaambia anakwenda mwezini. Mtu anayetoka Walikale kwa pikipiki, wanavyojua wao, amebeba mawe ya mgodini, au anamzika ndugu, au anakimbia. Kwa hiyo nilikuwa na mawe. Wakafungua begi langu, wakakung'uta nguo moja moja, wakapasua hata sabuni katikati. Walipokuta kofia yangu kubwa ya jua, ile mliyonicheka nayo, mashaka yao yakazidi. Tulikaa pale tangu asubuhi hadi saa nane, kofia ikizunguka kichwa hadi kichwa, kisha wakaturuhusu. Yule wa kwanza aliniambia kwa huruma kabisa: "Mwalimu, mara ingine sema unaenda ku matanga. Tutakuachilia mbio."

Nilicheka njia nzima mpaka Nyabiondo. Ningekuwa na akili ningesikia alichoniambia. Katika nchi hii mtu anayesafiri bila balaa haeleweki.

Mlimani kwa Mama

Nilifika kwa Mama saa kumi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua mbegu za maharagwe, mazuri na mabovu mbalimbali. Shamba chini ya nyumba lilikuwa limelimwa lote, udongo mweusi umegeuzwa mpaka kwenye mpaka wa jirani. Alikuwa amelilima peke yake. Nilifurahi nikasema moyoni, kweli huyu anastahili kupumzika.

Baada ya salamu na maji ya kunawa nilimsogelea, nikapunguza sauti, maana nilitaka iwe siri tamu baina yetu.

"Mama, kesho asubuhi tunatoka. Funga vitu vyako. Usiambie batu."

Mimi niliyezaliwa kwenye mlima ule nilimwambia maneno hayo mwanamke yule. Akakusanya mbegu zote pamoja, nzuri na mbovu, akazitia katika kifuko.

"Iko mbali?" aliuliza.

"Mbali kidogo. Tutavuka maji."

Hakuuliza zaidi. Kwetu mtu akija kukuambia tunatoka, huulizi nani anakuja wala wanatokea wapi. Maswali yanachelewesha miguu. Akaanza kufunga. Godoro likakunjwa na kukazwa kwa kamba. Sufuria mbili zikaingiliana. Jembe, bidoni la maji, blanketi, kifuko cha mbegu. Mimi nilisimama nikicheka.

"Mama, hii yote ya nini?"

"Bila hii tutakula nini kule?"

Nikamwacha. Nilidhani ni tabia ya wazee. Asubuhi, kabla hatujashuka barabarani, nilimwona akitembea na Papa Bauma, jirani yetu, kando kando ya shamba. Papa Bauma hakimbiagi, kwa sababu mke wake hawezi kutembea na yeye hawezi kumwacha. Walitembea polepole pande zote nne, kisha wakashikana mikono miwili miwili. Nilidhani wanaagana. Nimeishi Walikale miaka kumi na moja, na hiyo ndiyo sababu yangu pekee. Najua ni sababu ndogo.

Masisi hadi Mushaki

Tulipanda lori lililobeba mbao na viazi. Mama alikaa juu ya mbao, godoro mgongoni pake, akiangalia nyuma mpaka mlima ukajificha. Nilimwonyesha ng'ombe malishoni, nilimwonyesha anga safi isiyo na wingu. Alikuwa akiitikia "eeh" kwa heshima.

Mushaki gurudumu likapasuka. La akiba lilikuwa limepasuka tangu jana. Dereva alitangaza tungoje, akaenda kulala chini ya lori. Tukashuka na mizigo yetu yote, kwa kuwa Mama hakukubali kuacha hata sufuria juu.

Palikuwa na soko dogo kando ya barabara: mahindi ya kuchoma, maziwa kwenye chupa, jibini zimepangwa juu ya majani. Mwenye kuuza jibini, mama mnene aliyejifunga kikwembe cha njano, alimwangalia Mama, akaangalia godoro, akaangalia jembe.

"Mama, fasi gani imechomeka tena?"

"Sijuwe," Mama alimjibu. "Muulize uyu mutoto. Mimi nilifunga tu."

Kabla sijafungua kinywa, yule mama alikuwa amekata kipande cha jibini akamtia Mama mkononi, na kwa mkono mwingine alikuwa ameanza kukusanya zilizobaki. Mwenye mahindi akamwona. Akamwaga maji kwenye moto wake. Wa maziwa akauliza, "Wanatokea wapi?" na mtu ambaye hakuwahi kusema nasi hata neno akajibu, "Masisi-Centre imeanguka." Mwanamke alikuwa akimwita mtoto wake kwa jina, tena na tena, na kila mara sauti ilikuwa juu zaidi. Ndani ya muda wa kumenya kiazi kimoja nusu ya soko ilikuwa kichwani mwa watu.

Nilipanda juu ya mbao nikapiga kelele. "Hakuna vita! Batu wote, munisikilize! Hakuna vita! Mimi na mama yangu tunaenda kupumuzika!"

Mzee mmoja aliyekuwa akifunga mbuzi wake hakuinua hata kichwa. "Njo vile banasemaka," alisema, kana kwamba ndivyo wasemavyo wote kila vita ikija.

Ilichukua muda mrefu. Ilibidi dereva aamke aape kwamba tulitoka Masisi asubuhi na watu walikuwa wanakunywa chai. Ilibidi nionyeshe kofia ya jua. Ndiyo iliyowashawishi, maana hakuna anayekimbia na kitu cha kipuuzi namna ile. Wakaanza kupanga vitu vyao upya, wengine wakinitukana, na walikuwa na haki. Mwenye jibini hakukichukua kile kipande alichompa Mama, lakini hakututazama tena.

Niliposhuka Mama alikuwa amesimama pale pale, jibini mkononi.

"Furaha. Hakuna vita?"

"Hakuna, Mama. Nilitaka kukufurahisha. Upumuzike siku tano, fasi haina motere ya gari."

"Na shamba?"

"Shamba iko pale, Mama. Itaenda wapi?"

"Nilimuzungusha Papa Bauma mipaka."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokiona asubuhi. Wengine wenu mmezaliwa huku msituni, kwa hiyo niwaeleze. Kwetu mlimani, mwenye kukimbia anamzungusha jirani anayebaki mipaka yote minne. Tangu hapo shamba ni la yule jirani. Atapanda mbegu yake, atapalilia, atavuna, na mavuno ni yake, kwa sababu amelilinda lisigeuke kichaka wala lisichukuliwe na mtu wa mbali. Mwenye shamba akirudi mapema anangoja mpaka kilichopandwa kivunwe, ndipo anarudishiwa. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Machifu wamebadilishwa, mabendera yamebadilishwa, na desturi hii haijavunjwa na mtu hata mmoja ninayemjua.

"Atapanda mvua ikianguka tu," Mama alisema. "Turudi."

Na hapa ndipo mnapaswa kunilaumu, kama bado mlikuwa mnatafuta mahali. Tungeweza kurudi. Masisi haikuwa mbali, malori yalikuwa yanapanda. Lakini nilikuwa nimeona haya mbele ya soko zima, na nilikuwa na mpango wangu mzuri, na Mwalimu Byamungu alikuwa amewaambia ndugu zake watungoje. Nikainua kidole angani.

"Mawingu iko wapi, Mama? Mvua ni Septemba. Tutarudi mbele ya mvua, utamuambia Papa Bauma ilikuwa kosa, utapanda."

Mama aliangalia angani, kisha akaniangalia mimi.

"Sawa," alisema. "Wewe njo mwalimu."

Sake na pwani ya ziwa

Kutoka Sake mizigo yetu ilibebwa kwa chukudu, lile baiskeli la mbao, na mwenye chukudu alisukuma akiimba. Tulipita kando ya mahema yaliyoshonwa kwa viraka vya plastiki, safu baada ya safu. Watoto waliona godoro letu wakajisogeza pembeni kutupisha. Walidhani tunatafuta nafasi.

Pwani tulikuta mitumbwi miwili mikubwa na watu wengi. Mwenye mitumbwi, Papa mmoja mwenye ndevu nyeupe, alituona tu akapaza sauti: "Mama muzee wa vita apite mbele!" Nilitoa nauli akausukuma mkono wangu. "Mutoto, weka. Hatukamateke feza ya batu ya vita. Siku moja itakuwa sisi."

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Nyuma yetu alikuwa amesimama mwanamke mwenye mapacha, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, na sufuria moja bila mfuniko. Alikuwa ametoka upande wa Kitshanga kwa miguu. Nafasi zilizobaki katika mtumbwi wa kwanza zilikuwa mbili, na mtumbwi wa pili ulikuwa bado unazibwa tundu. Nilijua nikisema "sisi tunakwenda kutembea tu," kila kichwa pwani ile kingegeuka. Nilikuwa nimeshiba vichwa vinavyogeuka tangu Mushaki. Nikafunga mdomo, nikapanda. Mama aliniangalia mpaka tukafika katikati ya ziwa.

Kisiwani

Sasa nifike kwa mnachotaka kusikia. Mama Nsimire, shangazi yake Byamungu, alitupokea kwenye ngazi za mawe, akatupa chumba kinachotazama maji. Alitupikia sambaza wabichi, wale dagaa wa ziwani, waliokaangwa na bugali ya muhogo, na ndizi zilizoiva moshini. Kimya cha kisiwa kile sijui niwaelezeje. Unasikia kasia likigusa maji mbali kabisa. Unasikia mtu akikohoa ng'ambo ya pili ya kilima. Siku ya kwanza Mama aliamka saa moja kamili, jua likiwa limemfikia usoni. Tangu nimjue sijawahi kumkuta amelala na jua liko nje. Nilikaa kando ya kitanda nikamwangalia nikalia kidogo, na kwa muda ule niliona nimefanya vizuri.

Tulitembelea nyumba ya mawe. Bati limekwisha, mbuzi wanalala sebuleni, mkahawa umeota dirishani. Tulikwenda kwenye kaburi la chifu, lililozungushiwa miti ya mwengere. Mama Nsimire alisema baada ya wakoloni kuondoka alikuja mhandisi akitaka kuwachimbia barabara, nao wakamkatalia kwa heshima ya marehemu. Mama alinyoosha kidole kwenye kaburi.

"Alikataa barabara," alisema, "njo maana batu yake banalala."

Adhuhuri ile kapita, mkuu wa kisiwa, alikuja na watu wawili, wamebeba mkungu wa ndizi na mkeka. Habari za mtumbwi zilikuwa zimemfikia. Alikaa, akatupa pole, akasema wao hawana kikubwa, lakini nyuma ya nyumba ya mawe kuna kipande cha udongo mzuri. "Mutalima pale mpaka amani irudi," alisema. Nilianza, "Papa, sisi hatu..." Mama akanishika goti.

"Aksanti, Papa," alisema. "Mungu awabariki."

Alipoondoka nilimuuliza kwa nini. Alisema tumekwisha kula chakula chao na kupanda mtumbwi wao, na sasa kumwambia tulidanganya ni kumtemea mate. Kisha akachukua jembe lake akaenda kulima.

Siku ya pili, basi, mimi nilikaa kwenye ngazi za kihistoria, kofia kichwani, miguu majini, na mama yangu mwenye presha analima nyuma ya nyumba ya mzungu. Nilikwenda kumsihi. "Mama, tulikuya kupumuzika!"

"Batu wamenipa udongo," alisema bila kusimama, "niikalie?"

Siku ya tatu, saa tisa, ng'ambo ya ziwa milima ya Masisi ikawa myeusi. Haikuwa Septemba bado. Wingu lilikaa juu yake limejaa, kisha likashuka lote, na kutoka pale tuliposimama mvua ilionekana kama kikwembe kilichoanikwa kutoka mbinguni mpaka mlimani kwetu. Hapa kisiwani jua lilikuwa bado linawaka. Mama alitoka shambani akaja kusimama nami kwenye ngazi.

"Papa Bauma anaamukaka mapema," alisema.

"Pengine atangoja kwanza, Mama. Pengine aone kama utarudi."

"Angoje nini? Mutu ya vita hajue siku ya kurudi."

Nilikimbia kutafuta mtumbwi. Wenye mitumbwi walinionyesha ziwa, mawimbi yamekwisha kuinuka na upepo wa ile mvua. Siku hiyo hapana. Kesho yake hapana. Kesho kutwa walikwenda kuvua tu, karibu, na siku iliyofuata ndiyo ilikuwa ya soko. Mvua ikatufikia na sisi. Kifuko cha mbegu kikalowa pembeni, maharagwe yakaanza kuvimba. Mama alizianika, akazigeuza, akazinusa, kisha akazichukua zote akazipanda katika kipande alichopewa na kapita. Alisema mbegu iliyokwisha kuvimba ukiirudisha mfukoni inaoza, na afadhali waile watu waliotupa ndizi. Nilimsaidia kufukia. Ndiyo mapumziko niliyompa.

Kurudi mlimani

Njia ya kurudi sina hamu ya kuieleza yote. Tulilipa nauli, nililazimisha, na yule Papa mwenye ndevu alishangaa watu wa vita wanarudi haraka namna gani, tena na nyuso zilizonuna. Nilimtafuta mwanamke wa mapacha pwani, sikumwona. Kati ya Sake na Mushaki tulikwama katika matope siku tatu nzima, tukala viazi vya kuchemsha bila chumvi na watu tusiowajua. Mushaki nilifunika uso kwa kitambaa mpaka soko likapita.

Tulipanda mlima asubuhi. Maharagwe yalikuwa yametoka. Majani mawili mawili, mstari baada ya mstari, yamenyooka vizuri katika ule udongo ambao Mama aliulima peke yake kwa wiki nne. Papa Bauma alikuwa kati ya mistari anafukuza ndege. Alipotuona aliangusha fimbo.

"Mama Furaha! Vita imeisha mbio hivi?"

Nilimweleza mimi. Nilimweleza yote, nimesimama kwenye mpaka, na kadiri nilivyoeleza ndivyo maneno "likizo" na "kisiwa" yalivyozidi kunitoka mdomoni kama uchafu. Papa Bauma alivua kofia akajikuna kichwa.

"Basi nitang'ola," alisema. "Iko shamba yako, Mama. Nitang'ola, utapanda yako."

"Mbegu yake ilibaki ku kisiwa," nilisema.

"Basi achukue hii, ndani ya udongo hivi. Mimi nitaona namna."

Nilimshika mkono nikamshukuru. Nilikuwa nimekwisha kulia. Lakini Mama alikuwa hajasogea.

"Bauma," alisema, "nilikuzungusha mipaka ao sikukuzungusha?"

"Ulinizungusha, lakini..."

"Basi iko yako mpaka uvune."

Nilimvuta pembeni. Nilimwambia desturi ile ni ya vita, na hapa hapakuwa na vita, palikuwa na ujinga wangu tu. Nilimwambia Papa Bauma mwenyewe ametoa kwa moyo wake. Nilimuuliza atakula nini mpaka Januari, na dawa zake atanunua na nini. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Furaha, mwaka ingine tutakimbia kweli. Ao mwezi ingine. Kama leo mimi ninanyanganya Bauma kilichopandwa, siku ile nani atanishikilia shamba? Na batu wa mulima muzima watasema nini ku majirani yao?"

Mimi mwenye diploma nikaokota fimbo ya Papa Bauma, nikamrudishia.

Nilikaa siku mbili zaidi. Niliacha mkononi mwake nilichokuwa nacho, na nitakuwa namtumia kila mwezi, mkijua wenyewe mishahara yetu inavyokuja. Sasa anapalilia kwa Papa Bauma kama kibarua, katika shamba lake mwenyewe, pamoja na wanawake wengine wawili. Jioni anapokea kibakuli chake cha maharagwe ya mwaka jana. Papa Bauma alijaribu kumjazia zaidi, naye akapunguza mpaka kikalingana na vya wenzake.

Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani. Kaka Pascal, aliyekuja kunichukua, alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki, na Mama alisimama wima kama kawaida yake, mikono imeganda kwenye kikwembe. Nilidhani ni ule mlio. Kisha akaniita karibu.

"Mutoto wangu, sikukasirike," alisema. "Ila niulize kitu. Siku utakuya tena kuniambia tutoke, nitajua aje kama iko kweli?"

Nilimwambia nitampigia simu kwanza, nimweleze vizuri.

"Siku ya kukimbia," alisema Mama, "réseau ya simu njo inakimbiaka ya kwanza."

Nikapanda pikipiki.